Mashine ikivuka Mokowe, draiva nazo zivuke

Mtu akiniletea kompyuta mpya iliyogoma, neno la kwanza huwa ni "imeungua". Prosesa imeungua, bodi imeungua, kadi ya waifai imeungua. Mara nyingi hakuna kilichoungua. Kilichokosekana ni draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kukitambua kifaa na kukitumia, na imekosekana kwa sababu hakuna aliyeikumbuka vifaa vilipokuwa vikipakiwa Mombasa. Hapa Amu, kisiwani Lamu, jambo hilo lina uzito wake. Bodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, hupanda basi, hupita Malindi na Garsen na Witu, hushuka Mokowe, huvuka kwa boti, kisha hubebwa na hamali au punda mpaka mlangoni. Baada ya safari yote hiyo ndipo mwenyewe anapogundua, usiku, kwamba mashine inataka intaneti ili ipate draiva, na inataka draiva ili ipate intaneti.

Nitaeleza kwa kufuata mashine moja, ya mtoto wa khalati yangu, dada wa mama, kwa sababu ilikusanya karibu matatizo yote ninayokutana nayo mitaani kwetu.

Yeye kazi yake ni kuhariri video za harusi, upande wa wanawake. Kwetu siku ya kupamba mwanamume haingii, na picha za siku hiyo hapewi mtu wa nje kuzishughulikia. Akina mama humwamini kwa sababu video haitoki chumbani kwake: anapiga mwenyewe, anahariri mwenyewe, anamkabidhi mwenye harusi flashi mkononi. Laptopu yake ilikuwa imeshachoka na video za 4K, kwa hiyo akaagiza vifaa vya kuunda kompyuta ya mezani: prosesa ya Ryzen 5 7600, bodi ya B650 yenye waifai, RAM ya DDR5 ya gigabaiti 32, diski ya NVMe ya terabaiti 1, na kadi ya picha ya RTX 3060 iliyokwisha kutumika. Mimi niliitwa vifaa vikiwa vimeshafika. Kuipeleka mashine kwa fundi asiyemjua na kuiacha huko, leo au siku ambayo ina kazi za watu ndani yake, halikuwa jambo la kufikiria. Ilibidi ikamilike pale pale nyumbani.

Tulipoiwasha mara ya kwanza feni zilizunguka, kioo kikabaki cheusi. Khalati alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai.

"Mwanangu, mbona haisemi kitu?"

"Iache kwanza, Khalati. Inajipima."

Na kweli ilikuwa inajipima. Bodi za AMD za kizazi cha AM5, kama hii ya B650, huipima RAM ya DDR5 zinapowashwa mara ya kwanza, na upimaji huo unaweza kuchukua dakika kadhaa huku kioo kikiwa kitupu. Wengi huingiwa na hofu, wakazima umeme katikati, na kazi ikaanza upya kila wanapowasha. Hili si tatizo la draiva hata kidogo. Nimelitaja kwa sababu nimeona bodi nzima ikirudishwa Mombasa kwa ajili yake, nayo haina kasoro yoyote.

Windows 11 ikaingia kwenye diski bila matatizo mpaka ilipofika ukurasa wa kuchagua mtandao. Hapo orodha ilikuwa tupu. Hakuna jina hata moja la waifai, ilhali simu zetu zilikuwa zikiona mitandao ya majirani wote. Kitufe cha kuendelea kimefifia, hakibonyezeki. Na nyumba ile haina waya wa mtandao, intaneti yote ni ya simu.

Dawa ya hapo ni simu ya Android na waya wake, uwe waya unaopitisha data, si ule wa chaji tu. Chomeka simu kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Draiva ya njia hiyo imo ndani ya Windows tangu mwanzo, kwa hiyo haingoji kupakua chochote: simu inachukuliwa kama waya wa mtandao uliochomekwa. Tulipoiwasha, kitufe kikawa hai na tukaendelea. Ningependa kila mwenye kompyuta kisiwani alijue hili, kwa sababu nimeona watu wakifuta Windows na kuiweka upya mara kwa mara, wakidhani ndiyo iliyoharibika.

Lakini bando lako liangalie. Windows ikishaonja intaneti huanza kupakua masasisho yake bila kukuuliza, na hayo ni gigabaiti. Mara tu unapofika kwenye skrini ya kazi, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo na uwashe "Metered connection", ili ijue kwamba data hii inanunuliwa. Kisha pakua unachotaka wewe, kwa mpangilio wako.

Sasa tunafika kwenye kiini cha kazi. Bonyeza kulia kwenye alama ya Start, fungua Device Manager, orodha ya vifaa vyote vya mashine. Kwenye mashine ile kulikuwa na safu ya alama za njano: "Network Controller", "PCI Encryption/Decryption Controller", "SM Bus Controller", na vingine visivyo na jina kabisa. Hapa ndipo kubahatisha kunapoanza kwa watu wengi. Anaona "Network Controller", anaandika kwenye Google "draiva ya waifai", anapakua ya kwanza inayojitokeza, haikubali, anapakua ya pili, bando linaisha.

Kifaa kikiwa hakina draiva bado kinajua namba yake, na ukikiuliza kitakuambia. Kibofye mara mbili, nenda sehemu ya Details, kwenye orodha chagua "Hardware Ids". Pale kwenye mashine ya mtoto wa khalati ilitokea PCI\VEN_14C3&DEV_0616 na herufi nyingine nyuma yake. Nne zinazofuata VEN ni namba ya kampuni: 14C3 ni MediaTek, 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Nne zinazofuata DEV ni kifaa chenyewe. Niliziandika kwa kalamu ya wino nyuma ya risiti, kwa sababu namba hizo nitazihitaji nikiwa kwenye simu, si kwenye mashine.

Faida ya namba ni kwamba haibadiliki, ilhali jina hubadilika. Kadi hii ya 0616 MediaTek yenyewe huiita MT7922, na kwenye bodi nyingi za AMD imeuzwa kwa jina la RZ616. Ukitafuta kwa jina moja unaweza kudhani la pili ni kitu kingine. Tena kuna bodi za jina lile lile zilizotoka kiwandani kwa matoleo tofauti, moja ikiwa na kadi ya Intel, nyingine ya Realtek, nyingine ya MediaTek. Toleo limechapishwa kwenye bodi yenyewe, maandishi madogo meupe karibu na ukingo, "REV" na namba. Nilimulika kwa tochi ya simu, nikainama mpaka nikaliona chini ya waya wa umeme. Kwenye ukurasa wa kampuni iliyounda bodi kulikuwa na draiva za waifai za aina zaidi ya moja, zimepangwa pamoja, na hakuna maelezo ya ipi ni ya nani. Ile risiti yenye 14C3 ndiyo iliyochagua.

Kabla ya kupakua, mtoto wa khalati alikuwa ameshampigia aliyemuuzia bodi. Jibu lilikuja haraka: "Dada, hiyo waifai itakuwa mbovu, irudishe tukubadilishie." Kurudisha maana yake ni kufungua kila kitu, kufunga upya, boti, basi, na kungoja, huku harusi zimepangwa. Sikukubali kabla ya kupima.

Ninatembea na flashi ya Ubuntu, aina ya Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kwa ajili ya saa kama hizo. Unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, unachagua kuijaribu bila kuiweka, na diski yako haiguswi. Linux hubeba draiva nyingi ndani ya kiini chake, pamoja na za kadi hii. Baada ya muda mfupi mitandao ya majirani ikajaa kwenye orodha. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika lspci -nnk, ikanionyesha namba zile zile, 14c3:0616, na draiva iliyokuwa ikiiendesha. Maana yake kadi ni nzima, antena zimekaa, bodi haina neno. Kilichobaki ni Windows kupewa kilicho chake. Jaribio hili silikosi kila mashine mpya inapoonekana ina kifaa kilichokufa, kwa sababu gharama ya kurudisha kitu kizima kutoka kisiwani humwangukia mnunuzi peke yake.

Draiva ya waifai nikaipakua kwa simu, faili ndogo ukilinganisha na ile ya kadi ya picha. Niliifungua kwenye folda, na kabla ya kuiweka nikafanya jambo ambalo nawaomba mlizoee: ndani ya folda kuna faili yenye mwisho wa .inf, ifungue kwa Notepad, tafuta DEV_0616. Ikiwemo, draiva hiyo imeandikwa kwa ajili ya kifaa chako. Isipokuwemo, usipoteze muda. Ilikuwemo. Nikarudi Device Manager, nikabofya kulia kifaa, nikachagua kusasisha draiva kutoka kwenye kompyuta yenyewe, nikaielekeza kwenye folda pamoja na folda ndogo zilizomo. Alama ya njano ikaondoka na waifai ikaamka.

Bluetooth haikuamka. Kadi ni moja, imefungwa skrubu moja, lakini kwa kompyuta ni vifaa viwili: waifai hupita njia ya PCI Express na Bluetooth hupita njia ya USB, hata namba yake huanza na USB\VID badala ya PCI\VEN. Kwa hiyo ina draiva yake mbali, faili lake mbali. Watu wengi wakiona waifai inafanya kazi hudhani yamekwisha, kisha wanashangaa spika haishiki. Na kama Bluetooth ilikuwepo jana na leo imetoweka, au Device Manager imeiandikia namba ya kosa, Code 43 au Code 10, jaribu kwanza kuizima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme ukutani, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa, kisha irudishe. Kadi hizi huwa na umeme unaobaki ndani hata mashine ikiwa imezimwa, na wakati mwingine zinahitaji kuukata wote ndipo ziamke sawasawa.

Kuhusu hizo Code, hakuna haja ya kuzikariri zote. Code 28 maana yake draiva haijawekwa, basi, kifaa hakina kosa. Code 43 maana yake kifaa chenyewe kimeripoti kwamba kina tatizo, na hapo ndipo pa kuanza kushuku kadi, hasa ikiwa ni kadi ya picha iliyotumika. Hizi mbili zikichanganywa ndipo mtu anapotupa kifaa kizima au anapong'ang'ania kibovu.

Zile alama nyingine za njano karibu zote ziliondoka kwa pamoja nilipoweka draiva za chipseti za AMD, yaani za zile chipu za bodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine. "PCI Encryption/Decryption Controller" inatisha kwa jina, watu huniuliza kama ni virusi. Ni sehemu ya ulinzi iliyomo ndani ya prosesa, na draiva yake imo kwenye furushi hilo la chipseti. Kwenye mashine za Intel inayotisha watu namna hiyo ni "PCI Simple Communications Controller", nayo huwa ni Management Engine ya Intel, ikitaka draiva yake tu. Ndiyo sababu mimi huanza na chipseti mara tu mtandao unapopatikana, kabla ya sauti, kabla ya picha.

Kadi ya picha ndiyo iliyotulia kwa shida. Mwanzoni Windows iliiendesha kwa "Microsoft Basic Display Adapter", yaani picha inaonekana lakini kubwa na nzito, dirisha ukilivuta linaacha vivuli. Furushi la NVIDIA ni mamia ya megabaiti, tukalipakua kwa utaratibu alfajiri, saa ambazo mtandao wa simu haujabanwa. Tulipoanza kuliweka likakataa katikati, likasema usakinishaji umeshindikana. Sababu ilikuwa Windows Update: mpangilio ule wa data ya kununuliwa ulikuwa umewekwa kwa mtandao wa USB, na tulipohamia kwenye waifai ya hotspoti Windows ikauona kama mtandao mpya usio na mipaka, ikaanza kuweka draiva yake ya picha ya zamani wakati huo huo. Draiva mbili zinagombea kadi moja. Tukakata intaneti kabisa, tukawasha mashine upya, tukaweka ile ya NVIDIA peke yake, ikapita. Kwa kazi yake nilichagua aina ya Studio, ambayo hutolewa kwa ajili ya programu za uhariri, badala ya ile ya michezo.

Na waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya picha, chini, si kwenye bodi juu. Ryzen 5 7600 ina picha yake ndogo ndani, kwa hiyo ukichomeka kwenye bodi utaona kila kitu na hutajua kwamba kadi uliyoinunua haiendeshi skrini yako.

Kuna tatizo moja ambalo mashine hii haikuwa nalo, lakini limemkuta mwalimu mmoja wa huku Langoni na prosesa yake ya Intel. Windows ilipoulizwa iwekwe wapi, haikuonyesha diski yoyote, na NVMe ilikuwemo. Kuanzia kizazi cha 11 bodi nyingi za Intel huja na kitu kiitwacho VMD kikiwa kimewashwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya bodi inayotangulia Windows, na diski hujificha nyuma yake mpaka Windows ipewe draiva. Ama uizime VMD kwenye BIOS kabla ya kuweka Windows, ama uipakie draiva ya diski ya Intel, iitwayo RST, kutoka kwenye flashi ukiwa pale pale kwenye kuchagua diski. Draiva hiyo hupakuliwa kama SetupRST.exe, na faili hiyo hivyo ilivyo kisakinishi hakiisomi. Ifungue kwanza kwenye kompyuta nyingine kwa amri ya SetupRST.exe -extractdrivers ikifuatiwa na jina la folda. Na VMD usiizime baada ya Windows kuwekwa, kwa sababu mashine itashindwa kuwaka.

Sasa niseme jambo linaloniumiza. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa kubofya mara moja, msiziweke. Nimezitoa kwenye kompyuta za wanafunzi, za maduka, za ofisi ndogo. Hukuonyesha orodha ndefu nyekundu ili uogope, hukudai pesa, hukuwekea matangazo, na mara nyingine hukupa draiva isiyo ya kifaa chako ikavunja iliyokuwa inafanya kazi. Draiva ichukuliwe kwa aliyetengeneza bodi au aliyetengeneza kifaa. Windows Update nayo inafaa kwa vitu vidogo. Zaidi ya hapo, namba ya kifaa itakupeleka.

Kwa anayeagiza vifaa wakati huu, naomba hivi. Muuzaji akishakutajia jina kamili la bodi, usingoje ivuke. Ingia kwenye ukurasa wa bodi hiyo ukiwa na intaneti nzuri, upakue waifai za aina zote zilizoorodheshwa, waya wa mtandao, chipseti, sauti, na RST kama ni Intel. Ziweke kwenye flashi ile ile ya Windows, kila moja na folda yake, zikiwa zimefunguliwa. Ukiwa na mtu Mombasa mwambie akupigie picha ya ule ukingo wenye REV kabla hajafunga boksi.

Mashine ya mtoto wa khalati ilipokamilika na kutulia, nilifungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, nikatengeneza folda kwenye flashi, ambayo herufi yake ilikuwa E, na kuandika pnputil /export-driver * E:\draiva. Amri hiyo huzitoa draiva zote zilizoongezwa na kuzinakili kama zilivyo. Siku Windows ikiwekwa upya, amri ya pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install inazirudisha bila intaneti. Flashi hiyo ameiweka kwenye droo ya kamera zake. Mwenye bodi ya B650 na kadi ya 14C3 0616 hapa Amu anaweza kuja kwangu kuchukua nakala ya folda hiyo, aje na flashi tupu na namba zake zimeandikwa, tuzilinganishe kwanza.